Ukenda kwa Wenye Chongo Fumba Jicho, Usifumbe Mdomo

Wahenga wetu walituusia kwamba ukenda kwa wenye chongo, na wewe fumba lako jicho. Ni usia wa watu wa bahari, watu waliokuwa wakienda na kusi na kurudi na kaskazi, wakilala katika bandari za watu miezi kadhaa wakingoja upepo ugeuke. Mgeni wa namna hiyo hana budi kula walacho wenyeji, kuvaa wavaavyo na kusema wasemavyo. Hakuna katika sisi anayeupinga usia huo.

Lakini wahenga walitaja jicho. Hawakutaja mdomo. Leo twaona haja ya kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu wengi katika watoto wetu wanaokwenda Arabuni kutafuta riziki wamefunzwa kuvifumba vyote viwili.

Ni vigumu siku hizi kupita mtaa wa Kisauni, Likoni, Majengo au Malindi pasi na kukuta nyumba iliyo na mtu wake Jeddah, Riyadh, Dubai, Doha, Kuwait au Maskati. Huyu ni mtumishi wa nyumbani, yule ni dereva, mwingine ni mlinzi au mhudumu wa hoteli. Kabla ya safari mtu huandaa pasipoti, hupimwa afya, hushonewa mabuibui mapya, na wazee humsomea dua. Ulimi ndio usioandaliwa. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa fahari: “Sisi ni watu wa chuo. Kiarabu twakijua tangu utoto.”

Ndugu wasomaji, jibu hili lataka kuangaliwa vyema. Kiarabu tulichokisoma chuoni ni kile cha Msahafu na vitabu vya fikihi. Ni lugha tukufu, na aliyeipata amepata hazina. Lakini hakuna jiko hata moja katika Ghuba ambamo mama wa nyumba humwita mtumishi wake kwa lugha hiyo. Mwanafunzi wetu amefunzwa kuwa “nataka” ni uridu. Akifika Jeddah husikia abgha, na akifika Kuwait husikia abi. Amefunzwa kuwa “sasa” ni al-ana. Jeddah husema dahin, Dubai husema alhin. Maji aliyoyajua kwa jina la maa, Jeddah ni moya, na katika miji ya Ghuba ni mai. Akiulizwa “shlonak?” hufikiri anaulizwa rangi yake, kwa kuwa laun ni rangi, kumbe anajuliwa hali tu. Na maneno hayohayo hubadilika kwa mwanamke: Kuwait ataambiwa “shlonich”, na Oman ataambiwa “kef halish”.

Herufi nazo zina safari zao. Kafu ya Msahafu huko kwingi huwa cha, hata samaki akawa simach. Qafu huwa ga, na kahawa ikawa gahwa. Jimu, kwa watu wa Kuwait na wengi wa pwani ile, hugeuka ya: kuku, ambaye kitabuni ni dajaj, wao humwita diyay, na msikiti huwa masyid. Kijana aliyehitimu juzuu zote thelathini husimama kama mtu asiyepata kusikia neno la Kiarabu maishani mwake.

Hapa ndipo tunapowashangaa kidogo ndugu zetu wanaolicheka jambo hili na kusema kuwa Waarabu wa leo wameiharibu lugha yao. Sisi wa pwani ndio wa mwisho wa kusema hivyo. Mtu wa Lamu husema moya pale mtu wa Unguja asemapo moja, na husema yana pale mwenzake asemapo jana. Mtu wa Mombasa ana mato, mwenzake ana macho. Huyu hupita ndia, yule hupita njia. Je, nani kati yao ameiharibu lugha? Hakuna. Kila mmoja ameipokea kwa mamake. Tulipoambiwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, hatukuacha kusema ndia na mato majumbani mwetu. Basi tumpe Mwarabu wa Kuwait haki ileile tuliyojipa wenyewe. Na Mwenyezi Mungu katika Suratur-Rum ametutajia tofauti za ndimi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake.

Tena kuna mtego mwingine, nao unamnasa Mswahili kuliko anavyonaswa Mfilipino au Mhindi. Sisi tuna maneno mengi ya Kiarabu ndani ya lugha yetu, na tunadhani tukiyasema yatafahamika kwa maana yetu. Mswahili akitaka kitu kwa adabu husema “tafadhali”. Mwarabu akisema tafaddal, yeye ndiye anayetoa: anamkaribisha mtu aingie, ale au aketi. Anayeomba husema min fadlak, au law samaht. Kwetu kazi nyepesi ni kazi rahisi. Kwao rakhis ni kitu cha bei ndogo, na mtu akiitwa hivyo ametukanwa. Hasira yetu ni ghadhabu; hasra yao ni majuto. Na mshahara, neno tulilolipata kwao kutokana na shahr, yaani mwezi, mwenyewe hatalitambua upesi: kwao ni ratib, na sehemu nyingine maash.

Yako na maneno ambayo chuoni tuliyajua kwa heshima, nayo huko yamevaa kanzu ya kazi. Ikama kwetu ni ile isomwayo msikitini sala inapotaka kuanza. Saudia iqama ni kibali cha kuishi nchini, na asiyekuwa nacho hukamatwa barabarani. Ijaza kwetu ni ruhusa apewayo mwanachuoni na shekhe wake ya kusomesha kitabu. Huko ni likizo ya kazi. Akdi kwetu hufungwa siku ya nikaha. Huko ni mkataba wa ajira. Kwa hivyo mtu wa chuo ana mtaji mkubwa. Lakini mtaji si biashara. Lazima autoe sokoni aujue bei yake.

Sasa, kwa kuwa hakuandaliwa, mgeni wetu hujifunza nini afikapo? Hujifunza kile wanachokisema wageni wenzake waliomtangulia, na kile ambacho mwenye nyumba naye hukisema anapozungumza na wageni. Ni Kiarabu kilichovunjwavunjwa, cha maneno machache, kilichozaliwa katika maduka, majenzi na majiko ya Ghuba baina ya Waarabu na wafanyakazi kutoka Bara Hindi na nchi za mashariki. Wataalamu wa lugha wamekichunguza, J. R. Smart alikiandikia makala mwaka 1990. Katika lugha hiyo, kila kilichopo ni fi na kila kisichokuwapo ni mafi. “Sijui” ni ana mafi malum. “Vilevile” ni sem sem, maneno ya Kiingereza yaliyobatizwa upya. Mwanamume na mwanamke wote huitwa inta, ingawa Mwarabu humwita mwanamke inti. Kosa hili latupata sana sisi, kwa kuwa “wewe” yetu haichagui.

Hatuidharau lugha hii. Imewafaa watu wengi siku za mwanzo, na mwenye njaa hachagui sahani. Lakini tuitazame ina nini na imekosa nini. Ina “lete”, “peleka”, “safisha”, “njoo”, “upesi”. Haina wakati uliopita wala ujao. Mtu akisema ana ruh, huenda amekwenda, anakwenda, au atakwenda. Waweza kusema fulus mafi, pesa hakuna. Lakini huwezi kusema kwamba uliahidiwa kulipwa mwezi huu, kwamba ulilipwa nusu mwezi uliopita, na kwamba nusu iliyobakia ulikatwa pasi na kuambiwa sababu. Ni lugha ya kuamrishwa na kuitikia. Anayetaka kudai haki yake ndani ya lugha hiyo ni kama mtu anayetaka kushona kanzu kwa shoka.

Wazee wetu waliiona hali hii hapa hapa Kenya, ila upande wa pili. Wazungu walowezi walikuwa na Kiswahili chao cha jikoni na shambani, tukakiita Kisetla, nasi twakicheka hadi leo. Tulicheka ngeli zilizopinda na amri zisizo na adabu. Lakini nyuma ya kicheko kulikuwa na jambo zito: Kisetla kilikuwa na maneno ya kutosha kumtuma mpishi, wala hakikuwa na maneno ya kutosha kwa mpishi kumwambia bwana wake kuwa mkewe anaumwa na anaomba ruhusa ya siku tatu. Lugha ya namna hiyo hukaa nusu kwa sababu upande mmoja hautaki kusikia zaidi.

Na lugha iliyovunjika si lazima ibaki imevunjika. Tunao ushahidi Kibera, jijini Nairobi. Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza tangu mwisho wa karne ya 19, wanasema Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu kilichovunjika cha kambi za askari. Kwa kuwa watu wale walikaa, wakaoa, wakazaa, watoto wao waliikuza lugha hiyo ikawa kamili: wana methali, wana nyimbo, wana matani na matusi yao. Mfanyakazi wetu wa Ghuba hana nafasi hiyo. Mkataba wake kwa kawaida ni wa miaka miwili. Hakai, hazai huko, na lugha aliyoikuta huiacha jikoni kama alivyoikuta. Hataingojea ikue. Lazima yeye ajifunze lugha ya wenye nchi.

Watatokea watu waseme kuwa haya ni makubwa kuliko lugha. Ni kweli. Ulimi haufungui lango lililofungwa kwa kufuli, wala neno zuri halimrudishii mtu pasipoti iliyofichwa kabatini. Sheria ndiyo inayotakiwa, na bado ina mapengo: mageuzi ya ajira yaliyoanza Saudia mwezi Machi 2021, yaliyowapa wafanyakazi wengi nafasi ya kuhama mwajiri, hayakuwaingiza watumishi wa nyumbani wala madereva wa majumbani. Lakini tazama ni nani waliobakizwa nje. Ni walewale wanaofanya kazi nyuma ya ukuta, mahali ambapo hakuna msikilizaji ila mwenye nyumba. Mtu wa namna hiyo, silaha yake ya kwanza ni kuweza kusema, na kusema sawasawa, kabla jambo halijawa la mahakama.

Chukua mfano wa ugonjwa. Mila yetu sisi watu wa pwani, mtu akiulizwa hali hujibu “alhamdulillahi”, hata kama homa inamchemsha. Kwetu aliyeuliza hulitazama jicho lako, akajua kuwa alhamdulillahi hiyo ni ya mgonjwa. Akasema, “Mbona sauti si yako?” Mwajiri wa ugenini hayuko hivyo. Akiambiwa alhamdulillahi hushukuru, akaondoka. Binti yetu atabaki na maradhi yake kwa sababu ya adabu yake. Anatakiwa ajue kusema: “Ana taabana, abgha tabib”, naumwa, nataka daktari. Maneno manne tu.

Chukua na mfano wa matusi. Binti anayemjua mbwa kwa jina la kalb, akiitwa chalb, hatatambua ameitwa nini. Tena huenda akacheka pamoja nao, naye aliyemtukana akapata idhini ya kumtukana kesho mbele ya wageni. Asojua maana haambiwi maana, lakini huyu anahitaji kuambiwa, na aambiwe kabla hajapanda ndege.

Kuna wazee wanaoogopa kuwa mtoto akifunzwa maneno ya kudai atakuwa mkaidi, na mkaidi hufukuzwa. Twawajibu kuwa kinyume chake ndicho kweli. Mtu asiyekuwa na lugha huvumilia kimya siku mia, na siku ya mia na moja hupiga kelele au hutoroka. Aliye na lugha husema siku ya pili, kwa upole, na jambo likamalizika likiwa bado dogo. Na Waarabu ni watu wa maamkizi marefu kama sisi. Ukianza kwa salamu, ukamwuliza mama wa nyumba “shakhbarich”, yaani habari zako, na watoto, na wazee, ndipo ukasema “law samahti, ratbi ma wisal”, kwa hisani yako mshahara wangu haujanifikia, hujamvunjia mtu heshima. Umesema kama mtu aliyelelewa. Mwenzako aliyeingia moja kwa moja akasema “mama, fulus mafi” amedai haki ileile, lakini amedai kwa ulimi wa mtu ambaye watu wale wamezoea kutomsikiliza.

Basi maneno ya kujifunza kwanza si yale ya kupika na kufua. Hayo jiko lenyewe litamfundisha kwa wiki moja. Ajifunze ratib, mshahara wake. Ajifunze akdi, aujue mkataba wake una nini. Ajifunze jawaz, na kuuliza “wen jawazi”, pasipoti yangu iko wapi. Ajifunze ijaza, likizo yake, mustashfa, hospitali, safara, ubalozi, shurta, polisi. Haki na mahakama hana haja ya kujifunza: haqq na mahkama ni zao na ni zetu. Na ajifunze “ma abgha”, sitaki, kwa sauti isiyotetemeka, maana liko jambo ambalo hakuna mkataba unaomlazimisha mtu kulikubali.

Ajifunze pia yasiyosemwa. Yalla ni neno la mitaani litumiwalo na kila mtu, lakini mtumishi akimwambia mwenye nyumba yalla ni kama amempigia kofi. Inshallah, ambayo kwetu wakati mwingine ni njia ya upole ya kukataa, huko mtumishi akiitamka huhesabiwa amekubali na kazi itafanyika. Na anayemkuta mwenzake kazini humwombea Mungu ampe afya. Asiyelijua jibu lake huonekana hana shukrani.

Huenda mtu akahofia kuwa tukiwazamisha watoto wetu katika usemi wa wenyeji watarudi wameipoteza lugha ya mama zao. Mwacha mila ni mtumwa, wasema, na wasema kweli. Lakini kusema lahaja ya wenyeji na kuacha mila ni mambo mawili. Tuwatazame ndugu zetu wa Oman. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitoka Unguja na sehemu nyingine za Afrika Mashariki zikarudi kwa babu zao. Wengi walifika hawajui Kiarabu cha kuendea sokoni. Wenyeji waliwacheka ndimi zao na kuwaita Wazanzibari. Lakini walikuwa na elimu, katika nchi ambayo mwaka 1970 ilikuwa na skuli tatu tu, na kazi zilipopatikana hawakuona haya kujifunza kama watoto. Leo wajukuu wao wasema Kiarabu cha Oman nje, na ndani ya nyumba nyingi za Maskati Kiswahili kingali kinasemwa. Hawakuacha ulimi mmoja ili wapate wa pili.

Ni kweli kuwa hao walipata uraia na ardhi, na mtumishi wetu hana ila mkataba. Lakini hiyo ni sababu ya kujifunza zaidi, si ya kujifunza kidogo.

Isitoshe, ng'ambo ya bahari ile si ugeni mtupu kwetu. Mtu wa Ghuba akifungua dirisha lake hufungua dirisha. Neno hilo wao na sisi tumelipata kwa Waajemi. Pesa zetu na bezat zao zimetoka India kwa jahazi mamoja. Mtoto akiambiwa haya mapema, huenda akaingia nyumba ya watu akiwa jirani wa mbali, asiingie kama aliyedondoka kutoka mwezini.

Kauli yetu kwa hivyo ni hii. Maalim wetu wa vyuo wanayo ile misingi. Na katika kila mtaa wako wanawake na wanaume waliorudi, ambao wameila chumvi ya huko na wanakijua Kiarabu cha jikoni, cha gari na cha kituo cha polisi. Hawa wawili wakutanishwe. Jioni tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, katika chuo au ukumbi wa mtaa, zatosha kumpa msafiri maneno mia mbili yatakayomlinda. Mawakala wanaochukua ada zao wasiseme kuwa kufunza kufua kwa mashine na kupiga pasi ni mafunzo yaliyokamilika. Na wazazi wanaouza mbuzi na vyombo ili mtoto asafiri, wasimwache aende bila ya kitu ambacho hakiuzwi bei kubwa na hakinyang'anywi mtu kiwanja cha ndege.

Nasi tuliobaki nyumbani tuache kuwacheka wanaorudi wakisema “khalas” na “wallah” kila baada ya neno. Aliyerudi na maneno hayo amerudi na elimu. Badala ya kumcheka, tumwulize: ni neno gani ulilitafuta siku ile, ukalikosa? Kisha tumfunze neno hilo yule anayeondoka kesho.